Kosa Lililoandikwa kwa Jina la Mzee Khaw

Mzee Khaw Boon Leng hakuwa mtu wa kuamini kitu mpaka kimemshinda kukivunja. Ofisini kwetu Bayan Lepas, tunakoandika programu za majokofu ya chanjo, alitutengenezea makro ya lugha ya C, kipande kifupi cha programu cha kuchagua namba ndogo kati ya mbili. Ndani yake alificha ujanja: kabla ya kuchagua, inalinganisha anwani za namba hizo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Namba zikiwa za aina tofauti, kompaila, ile programu inayokagua na kutafsiri tulichoandika, inapiga kelele papo hapo, jokofu likiwa bado kwetu.

"Nyie mnaona nawasumbua," alikuwa akitutania. "Ngojeni mje msumbuliwe na wagonjwa!"

Siku moja kazi ilitubana, nikakaa kwenye kompyuta ya majaribio aliyoiacha wazi kwa jina lake. Kompaila ikalalamika: namba ya joto inaruhusu hasi, ya kikomo hairuhusu. Badala ya kutafuta sababu, nikailazimisha ya joto iwe ya aina isiyojua hasi. Kelele zikaisha. Nikaenda zangu kula tambi za laksa.

Jokofu la kwanza kushuka chini ya sifuri lilisoma hasi moja kama maelfu, likadhani bado kuna joto, likazidi kugandisha. Chanjo za zahanati nzima zikaharibika. Kumbukumbu za mabadiliko zikamtaja Mzee Khaw.

"Mimi? Mbona sikumbuki?" aliuliza kikaoni. Nilikuwa kiti cha pili kutoka kwake, na nilinyamaza. Aibu hiyo naijua peke yangu.

Hakubishana. Alianza kuandika kila kitu kwenye karatasi, hata alichokula. Wiki ya saba mkewe, Mama Swee Geok, alinikuta getini.

"Jeyanthi mwanangu, kesho nampeleka akapimwe ubongo. Ameshaniandikia barua ya kuniaga, eti kwa siku atakayonisahau."

 Nikamfuata Mzee kwenye meza aliyozoea kunywea kahawa.

"Mzee, ule mstari niliuandika mimi. Kwenye kompyuta yako."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka machozi. Akampigia mkewe. "Geok! Niko mzima! Sijasahau kitu!"

Alipokata simu, kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Wiki saba, binti. Na kila asubuhi ulikuwa unaniuliza nimeamkaje."