Mkamwana Si Mchawi, Ni Tumbo

Juzi nilikaa kwenye benchi la hospitali hapa Same. Mlango wa daktari ulikuwa wazi, na masikio yangu mimi hayana komeo! Ndani alikuwepo bibi mmoja wa kijiji cha Kisiwani na mke wa mwanawe.

"Daktari, kila asubuhi natapika makande ya jana, maharage mazima! Huyu ananiwekea kitu."

Mkamwana akainama, anasokota pindo la kanga.

"Bibi, leo umekuja hujala tangu jana, lakini kamera tuliyokupitishia kooni imekuta chakula bado kimo tumboni. Njia haijaziba, uvimbe hakuna. Kisukari chako kimelilegeza tumbo, linachelewa kusukuma chakula. Kula kidogo kidogo, vitu laini, na dawa kabla ya kula."

"Kwa hiyo sijalishwa sumu?"

"Hujalishwa, bibi."

Nikacheka mpaka nesi akanikodolea macho!

Walipotoka, mkamwana akamimina uji wa kwenye chupa aliyokuja nayo, akataka kuonja kwanza, maana kwetu mpishi akishashukiwa ndivyo anavyojitetea. Bibi akampokonya kikombe.

"Lete hapa, mwanangu, utanimalizia!"

Yule binti akacheka huku machozi yanamtoka. Jamani, tuwe tunapima tumbo kwanza, ndipo tumpime mpishi.