Katiba Ilisema "He"

Katiba ya chama chetu iliandikwa kwa Kiingereza, na hilo tulijitakia wenyewe. Sisi tuliokuwa tukisema Kiswahili Stockholm miaka ile ya sabini tulitoka Tanzania, Kenya, Uganda, na wachache Kongo, na kila mmoja aliamini Kiswahili chake ndicho Kiswahili. Mtanzania akisema hivi, Mkenya anacheka. Mkenya akisema vile, Mtanzania anaziba masikio. Basi ili tusigombane, kijana mmoja Mkenya aliyekuwa akisomea sheria alipewa kazi ya kuandika katiba kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuna aliyejidai ameinyonya kwa mama yake. Aliipiga chapa vizuri, kurasa safi kabisa, na ndani yake mwenyekiti alikuwa "he" kuanzia juu hadi chini. He ataitisha mikutano. He atatunza ufunguo wa ukumbi. He na mke wake watakaribisha wageni.

Hatukuijali hiyo "he". Tulipoisoma katiba mikutanoni tuliigeuza papo hapo kuwa Kiswahili, na Kiswahili kikaimeza: ataitisha, atatunza, atakaribisha. Kwetu ukisema "amefika", watu husubiri mlango ufunguke ndipo wajue ni bwana au bibi. Ndiyo maana Kiingereza kilitutesa. Mimi shuleni Tanga nilichapwa kwa kumwita baba yangu "she" mbele ya mkaguzi wa shule, na hadi leo nikichoka namwita "she" dereva wa basi mwenye ndevu hadi kifuani, wala sipepesi macho. Mwalimu yuleyule aliyenichapa alitufundisha kwamba "he" ikikaa kwenye sheria au kwenye sala, ndani yake wamo wanawake pia. Nilimwamini. Mtoto ambaye viboko bado vinamwasha huamini lolote.

Sasa nilitaka uenyekiti, na nitasema kwa nini. Nilikuja Sweden mwishoni mwa miaka ya sitini kusomea kazi ya maabara, nikaolewa hukuhuku na Mtanzania mwenzangu, fundi umeme, tukapata nyumba Fisksätra, kitongoji cha Stockholm, na tukapata binti. Binti huyo alipoanza shule alikuwa akinielewa kila neno nikimsemesha Kiswahili, lakini jibu lilitoka kwa Kiswidi. Kila mara. Namwambia njoo ule, ananijibu kwa Kiswidi kwamba anakuja. Tulipokwenda Tanga likizo, alikaa na bibi yake jikoni siku zote zile wakitazamana na kutabasamu, kama watu wasiojuana kwenye foleni ya hospitali. Mama yangu hakulalamika. Siku ya kuondoka aliniuliza tu, "Mwanangu, na huyu mtoto nitazungumza naye lini?" Swali hilo nilirudi nalo Sweden.

Dawa yake niliijua: darasa la Kiswahili la watoto, Jumamosi asubuhi. Ukumbi tulikuwa nao, chumba cha chini ya ghorofa zetu, chenye jiko lake pembeni. Lakini Jumamosi ukumbi ulikuwa wa wanaume, kwa karata na siasa za nyumbani, tangu asubuhi mpaka wake zao wawafuate. Nikaomba, nikaomba tena. Mwenyekiti wa wakati huo alisema atalifikiria, akalifikiria mpaka akamaliza masomo yake na kufunga mizigo kurudi Dodoma. Mwenye ufunguo ndiye aliyekuwa mwenye Jumamosi. Nikasema basi, huo ufunguo nitaushika mimi.

Siku ya uchaguzi theluji ilikuwa imelowa, watu wakaja na treni, viatu vimejaa maji, wakajaa ukumbini. Kijana wa sheria ndiye aliyesimamia. Mume wangu akalitaja jina langu. Kabla hajakaa, akasimama bwana mmoja wa kitongoji cha Jordbro, Mtanzania, msimamizi wa ghala na bingwa wa karata, ambaye kiti kile alikitaka yeye. Akafungua katiba na kusoma kwa sauti ya mahubiri.

"He," akasema. "Imeandikwa he. Tena imeandikwa yeye na mke wake. Sasa tumuulize shemeji hapa, yuko tayari kuitwa mke wa mwenyekiti?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mume wangu akavuta kiti chake, akakaa taratibu. "Kazini naitwa mabaya zaidi ya hayo," akasema, "na bado nakwenda."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Lakini mimi nikikasirika ndipo ulimi wangu unapotulia. Nikasimama.

"Kaka," nikamwambia, "mwaka jana nilikuita mbumbumbu humu humu ukumbini."

"Uliniita," akasema.

"Ukasimama, ukafungua katiba hiyohiyo, ukasoma kwamba mwanachama akimtukana mwenzake, he ataonywa mbele ya mkutano. Nikaonywa. Hukusema ibara ile hainihusu. Siku ya kukaripiwa nilikuwa he. Leo siku ya kushika ufunguo nimekuwa nani?"

Wakacheka tena, safari hii upande wangu. Kijana wa sheria akakohoa kidogo. "Dada ana haki," akasema. "Hiyo he niliitoa kwenye vitabu vya sheria, na kwenye sheria he ni mtu yeyote. Hilo la mke wake niliandika kwa mazoea tu." Bwana wa Jordbro akaikunja katiba na kuitia mfukoni. Mimi nikakaa nikijipongeza, nikijua mambo yameisha.

Kijana akasema tunyooshe mikono haraka, chakula kisije kikapoa, nami nikageuka kuutazama ukumbi. Nikaona masharubu na suruali. Wanawake wote walikuwa jikoni. Ndivyo tulivyozoea: mkutano ukianza wanaingia jikoni, mkutano ukiisha wanatoka na masinia, na mimi siku ile nilikaa ukumbini kwa sababu tu nilikuwa mgombea. Hakuna ibara iliyoamuru hivyo, si kwa Kiingereza wala kwa lugha nyingine. Nimetoka jasho kubishana na kineno cha Waingereza, kumbe lugha yetu sisi, isiyokuwa na he hata ya dawa, inayomwita kila mtu kwa namna moja, ndiyo tuliyokuwa tukisemeshana huku wanaume wakichagua na sisi tukikata vitunguu. Hilo liliniuma kuliko he zote za katiba.

"Subirini kidogo," nikasema, nikaingia jikoni.

Rafiki yangu wa Vårby gård, Mkenya, muuguzi, alikuwa ameshika mwiko juu ya sufuria kubwa ya pilau.

"Zimeni jiko," nikasema. "Tunapiga kura."

"Wali bado," akanijibu. "Pigeni tu, mtakuja kutuambia nani ameshinda."

"Nikishindwa, Jumamosi itabaki ya karata. Na wanao wanakujibu kwa lugha gani?"

Rafiki yangu alikuwa na wavulana wawili, na wote mle jikoni tulijua wanajibu kwa lugha gani. Akazima jiko, akafunika sufuria, akafuta mikono kwenye kanga aliyojifunga kiunoni, akatoka. Wenzake wakamfuata, mmoja bado ana kisu cha vitunguu mkononi, jambo ambalo nadhani lilisaidia utulivu.

Bwana wa Jordbro alisema hawa hawakusikia mjadala.

"Tumesikia kila kitu," akasema rafiki yangu. "Jiko hili halina mlango, kaka."

Mikono ikanyooshwa, nikashinda wazi. Tulikula pilau lenye wali mgumu katikati, wanaume wakalalamika na kuongeza sahani. Bwana wa Jordbro alikuja kunipa mkono akaniita mheshimiwa bila kukunja uso, nami nikampenda kwa hilo.

Kijana wa sheria alitaka kuirekebisha katiba, kila penye he aongeze she. Nilimwambia asipoteze wino. "Iache ilivyo," nikasema. "Akitokea mtu kuuliza huyo he ni nani, mwelekeze kwangu." Nilimruhusu afute mke wa mwenyekiti tu, na mume wangu akasema inasikitisha, alikuwa ameshaanza kuzoea cheo. Tulichobadilisha kweli ni jiko. Tukakubaliana kupika kwa zamu, mabwana na mabibi, na kwamba mkono haunyooshwi mpaka kila mwanachama awe amekaa kitini. Zamu ya kwanza ya mabwana tulikula mikate na jibini, lakini tuliwachagua wenyewe wapishi hao.

Darasa likaanza Jumamosi iliyofuata, nami ndiye niliyefundisha. Watoto walikuja kutoka Vårby gård, hata kutoka Jordbro. Wavulana wa rafiki yangu walishika haraka. Binti yangu hakushika, au alikataa kuonyesha. Alikaa nyuma, anaandika vizuri, anaelewa yote, na nikimuuliza ananijibu Kiswidi mbele ya darasa zima. Wiki zilipita, kisha miezi. Nilikuwa na ufunguo, nina ukumbi, nina cheo, na mtoto wangu mwenyewe hanipi neno. Usiku nilimwambia mume wangu labda nimechelewa.

Asubuhi moja ya baridi kali tulikuwa tunachelewa darasani. Nilisimama mlangoni nikimfokea: kofia iko wapi, glavu ziko wapi, wenzako wameshafika, unafanya nini muda wote huo. Yeye alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Bila kuinua uso, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwa lafudhi ya Tanga ambako hakuzaliwa, akasema, "Mama, nimeshasikia, usinipigie kelele."

Mtoto wa kwetu hamjibu mama yake hivyo, na siku nyingine yoyote ningemshughulikia. Siku ile nilikaa sakafuni na koti langu zito, machozi yakinitoka, nikamwambia, "Rudia."