Moshi wa Shimo la Barnaba

Asubuhi moja nilikuwa napalilia maharage, na jirani yangu mzee Barnaba alikuwa anavundika ndizi za pombe. Huku Kirushya kazi hiyo tunaijua sote: unachimba shimo, unapanga mikungu, unafunika kwa majani na udongo, halafu unawasha moto pembeni ili joto na moshi viingie ndani. Moshi hutokea juu kidogo kidogo, utadhani ardhi inapumua.

Barnaba alikuwa Mrundi. Alikuja mkimbizi, akapewa shamba katika kijiji cha ujamaa kama sisi tuliohamishiwa hapo, na pombe yake tuliinywa wote kwa mrija mmoja.

Kisha redio ikasema nduli amevuka mpaka. Vita ilikuwa mbali, kaskazini, lakini kimya chake kilitufikia. Wanaume walikwenda, mume wangu Gervas akiwemo. Ngoma zikakoma. Hata mbwa, sijui kwa nini, waliacha kubweka. Mchana kweupe ungesikia migomba ikisuguana, ukasimama, ukatazama nyuma.

Alasiri moja ndege ilinguruma juu ya mawingu. Hatukuiona.

Ilipopotea, watu walikuwa wanatazama shamba la Barnaba, ambako shimo la ndizi lilikuwa linafuka moshi.

"Anawaonyesha adui njia kwa moshi," alisema balozi wetu wa nyumba kumi. "Hawa Warundi si wenzetu."

Jamani! Moshi ule ule wa mashimo ya mama zao!

Wakaenda na fimbo.

Barnaba alikaa kwenye kigoda, mikono magotini. Wakamzunguka. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikapita katikati yao, nikachomoa kijinga cha moto shimoni kwake, nikakipeleka kwenye shimo langu la zamani, nikarundika majani makavu. Moshi ukapanda.

"Haya," nikasema. "Mimi ni Mhangaza kama ninyi na mume wangu yuko vitani. Anzeni na mimi!"

"Mama Devota, usituchanganye."

"Nimesema anzeni na mimi!"

Wakaondoka mmoja mmoja.

Nilidhani nimeshinda. Lakini tangu siku ile, Barnaba akifika kisimani wanawake walifunika ndoo zao. Mimi nilimwamkia kwa sauti, makusudi, wote wasikie: "Shikamoo mzee!" Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Halafu asubuhi moja nikakuta nyumba yake tupu. Hakuaga mtu.

Shimo lake liliendelea kutoa moshi. Hakuna aliyelichochea, lakini moshi ulitoka, na watu walilizunguka kwa mbali. Nikachukua jembe, nikafukua. Ndizi zilikuwa zimeiva vizuri kabisa. Nikazikamua, nikapika pombe, nikawaita wale wote wa fimbo. Walikuja, wakakaa. Nikauweka mbele yao mrija alioacha Barnaba. Hakuna aliyeugusa.

Gervas hakurudi kutoka vitani, na kaburi lake silijui. Alipo Barnaba pia sijui. Gervas nilinyang'anywa na adui. Barnaba nilinyang'anywa na majirani zangu, na hadi leo ndio ninaochota nao maji.