Milango Mitatu ya Kibiriti

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Shangazi aligonga milango ya gari lake kwa kiganja, akiwa ndani. Mlango wa pembeni, ule wa kuburuta: pa. Wa nyuma: pa. Halafu anajipenyeza kati ya droo za vipuri mpaka kiti cha dereva, anagonga wa mbele: pa. Kila mmoja anaufungua kidogo, kiasi cha kupitisha mkono, anaufunga tena. Hapo ndipo siku yake inaanza, na hapo ndipo unaweza kumsalimia akakujibu.

Siku mbili tatu kwa wiki aliegesha nje ya ukuta wetu, kwa hiyo nimeyaona hayo mara nyingi.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, la umbo la boksi, na watu walikuwa wakiliita Kibiriti. Mbele viti viwili, ila mlango wa abiria ulikuwa umekufa zamani. Nyuma Shangazi alikuwa ameng'oa viti vyote, akaweka ubao, juu ya ubao godoro, chini ya ubao cherehani za watu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza cherehani. Alizunguka kwa mafundi nguo, akafungua mashine zao palepale barazani, na zile zilizoshindikana akalala nazo chini ya mgongo mpaka zipone. Miaka minne aliishi hivyo. Nguo zake zilikaa ndani ya ndoo yenye kifuniko, ndoo hiyohiyo ikawa kiti cha wageni. Mgeni alikuwa mmoja kwa wakati mmoja, hakuna namna nyingine.

"Wifi," mama alimwambia siku moja, "wewe ukijinyoosha usingizini si unapiga honi?"

"Ndiyo saa yangu ya kuamkia hiyo," Shangazi akasema.

Kitu kingine: hakuegesha kamwe pua ikiangalia ukuta. Alirudi kinyumenyume, hata mahali pembamba, hata watu wakimpigia kelele, mpaka Kibiriti kiangalie barabara. Baba yangu, ambaye ni mdogo wake, hilo lilimkera.

"Dada, unaegesha kama mtu aliyeiba."

"Bora nidhaniwe nimeiba kuliko nishindwe kutoka."

Alikuwa na sababu. Mume wake wa zamani alikuwa mpole. Hakuwahi kumpiga, na Shangazi mwenyewe alisema hivyo kila alipoulizwa. Ila kila asubuhi, akienda kazini, alifunga mlango kwa nje akaondoka na ufunguo. Eti wezi wamezidi. Miaka saba. Siku moja alipata safari ya ghafla, akasahau kumfungulia, akarudi kesho yake jioni. Alimkuta Shangazi amekaa kwenye kiti, ameukabili mlango, amevaa viatu. Wiki ileile Shangazi aliondoka. Alijifunza kuendesha, akauza alivyokuwa navyo, akanunua Kibiriti.

Sasa, yale yaliyompeleka polisi.

Kulikuwa na mwanamke mshonaji wa sare za shule. Mumewe watu walimwita Dakika Tano, kwa sababu kila alichotaka kufanya alisema kitachukua dakika tano, na hakijawahi. Mashine ya mshonaji iliharibika, akaileta mwenyewe garini, akamwambia Shangazi, "Fundi, usimpe mtu. Hata akija mume wangu analia, usimpe."

Ilikuwa mchana, jua la saa nane. Kibiriti kilikuwa kimeegeshwa mwisho wa safu ya vibanda vya mafundi nguo. Mimi nilikuwa kiti cha mbele nikimenya karanga, Shangazi nyuma amejilaza baada ya kula. Mlango wa pembeni ukaburutwa kwa nguvu.

"Nachukua mashine ya mke wangu. Dakika tano tu."

"Mwenyewe aje," Shangazi akasema, bado amelala.

Mashine ilikuwa chini ya ubao, upande wa miguu yake. Dakika Tano akainama, akaivuta, ikakwama. Akamshika Shangazi kifundo cha mguu, akamvuta kando kama unavyovutwa mzigo. "Sogea, mama!"

"Niachie mguu."

"Sogea!"

"Niachie mguu nimesema."

Kando ya mto wake Shangazi alikuwa na gurudumu la cherehani, lile la chuma la kuzungusha kwa mkono, alilolitoa kwenye mashine mbovu. Akampiga nalo mkononi. Dakika Tano akamwachia. Mimi nikadhani yameisha. Dakika Tano akarudi nyuma, akatoka, amekumbatia mkono wake, akapiga kelele: "Basi kaa humohumo na hiyo mashine!" Akausukuma mlango, akauegemea kwa bega. Mlango wa Kibiriti ulikuwa mgumu mwishoni, ukabakiza nafasi ya kama kiganja. Katika nafasi ile gurudumu likapita mara ya pili. Bega likalia kama penseli inayovunjika.

Kati ya pigo la kwanza na la pili mtu angeweza kuvuta pumzi mara mbili.

Polisi hawakuniuliza kitu. Walimwuliza Shangazi, "Ulimpiga?" Akasema, "Nilimpiga." Wakaandika, akatia sahihi, akaambiwa arudi Jumatatu.

Jirani na zahanati kulikuwa na mwanasheria wa bure, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anayekaa pale kila Alhamisi. Tulikwenda. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akainua kidole kimoja.

"Amekushika mguu, ukampiga mkono. Hilo ni lako. Sheria inakuruhusu umzuie anayekudhuru, kwa nguvu inayotosha kumzuia." Akainua cha pili. "Hili sasa. Alikuwa ameshakuachia?"

"Alikuwa ameshaniachia."

"Anaondoka?"

"Anafunga mlango."

"Mlango gani?"

"Wangu."

"Ungeweza kutokea kwingine?"

"Nyuma mmoja, mbele mmoja. Yote niliikagua asubuhi, inafunguka vizuri sana."

"Hilo usiliseme kwa majivuno hivyo, mama." Akavua miwani. "Sheria inakuruhusu kumzuia mtu. Haikuruhusu kumtia adabu. Wao watasema la pili lilikuwa la kumtia adabu."

"Halikuwa la adabu."

"Basi lilikuwa la nini?"

Shangazi akatazama mlango wa chumba kile, ambao ulikuwa wazi. Halafu akamweleza habari za ile miaka saba, kwa sentensi kama nne.

Mwanasheria hakuandika. "Polisi uliwaambia?"

"Hawakuuliza."

"Hakimu atataka kujua uliona nini na uliogopa nini, pale pale, wewe, si mtu mwingine. Lakini lazima alisikie kutoka kwako. Anaweza kukubali, anaweza kukataa. Lisiposemwa, halipo."

Baada ya siku ile nilianza kuhesabu mapigo kila mahali. Dereva akitukanwa barabarani, anajibu tusi moja, hilo lake. Anasimamisha gari na kushuka: la pili hilo. Mama alimkuta panya jikoni, akamrukia na ufagio, panya akakimbilia mlangoni, ufagio ukamfuata.

"Mama, panya alikuwa anaondoka," nikasema. "Umempiga mgongoni."

"Aende akanishtaki," mama akasema, akapiga tena.

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Ndiyo mara ya mwisho nakumbuka kumwona akicheka vile.

Baba hakutaka mahakama. Hakuwa akilala vizuri, na ukimwona ungedhani aliyepiga ni yeye. "Dada, polisi wamekubali kutupeleka kwenye baraza la mtaa, wasuluhishe, yaishe. Wewe nyamaza tu."

Kwenye baraza walikaa watu watatu kwenye benchi, mwenyekiti katikati. Dakika Tano alikuja na mkono kwenye kitambaa kilichofungwa shingoni. Mkewe alikaa nje. Shangazi alikuwa ameshamkabidhi mashine yake mkononi, imepona, inashona mstari ulionyooka.

"Chanzo ni nini?" mwenyekiti akauliza, akajijibu mwenyewe. "Mwanamke mzima analala ndani ya gari kama gunia. Angekuwa nyumbani kwa watu wake, nani angemfungulia mlango mchana kweupe?"

Wakaamua hivi. Shangazi alale kwa kaka yake miezi sita, kaka amdhamini. Kibiriti kikae uwanjani kwa baraza, ufunguo kwenye droo ya mwenyekiti. Akihama kwetu kabla ya muda, jalada linarudi polisi na kesi inakwenda mahakamani. Dakika Tano alisema "nimekubali" kabla mwenyekiti hajamaliza, maana hakuna aliyekuwa amemwuliza alikuwa anatafuta nini mle garini. Shangazi alimtazama Baba. Baba alitazama viatu vyake. Shangazi naye akakubali.

Kibiriti walikisukuma uwanjani, pua ukutani.

Kwetu hakukuwa na chumba cha ziada ila stoo ya unga. Baba alijitahidi, hilo siwezi kumnyima. Alipaka chokaa, akaweka kitanda na wavu mpya dirishani. Ila komeo lilikuwa nje, kwa sababu unga hauhitaji kufungua kutoka ndani.

Siku ya kwanza Shangazi aliingia, akagonga mlango kwa kiganja: pa. Akabaki amesimama mkono hewani, akitafuta wa pili kwa macho.

"Kaka, hili komeo lihamishie ndani."

"Jumamosi, dada."

Jumamosi ilipita, na nyingine, na nyingine. Baba alikuwa na kazi, halafu bisibisi ikapotea, halafu Shangazi akatoa ya kwake, Baba akasema hata hiyo si saizi. Wakati huo Shangazi aliliweka lile gurudumu la chuma kizingitini, mlango usiweze kufunga. Wateja walimfuata uani. Alifungua mashine zao juu ya mkeka, akazifunga, wakaondoka. Kila mara aliangalia njia waliyotokea mpaka wapotee. Mama aligonga kidole cha mguu kwenye gurudumu karibu kila siku.

"Wifi, hiki chuma chako kitanimaliza."

"Komeo likihama, na chenyewe kitahama."

Siku niliyotaka kuisimulia ilikuwa Jumanne. Mama alifagia asubuhi, akalisogeza gurudumu kando ili afagie kizingiti. Alipomaliza akapita na beseni la vyombo mikononi, akausukuma mlango kwa nyonga, akalipiga komeo kwa kiwiko. Miaka kumi amelipiga vile, kwa ajili ya panya na kuku. Shangazi alikuwa ndani, ameinama chini ya kitanda akitafuta kopo la sindano. Mama hakumwona. Akaweka vyombo, akachukua kikapu, akaenda sokoni.

Mimi nilikuwa nafua bombani. Nilipita pale mara mbili. Niliona komeo limefungwa, nikajua Shangazi katoka. Ndivyo komeo linavyosema.

Hakuita. Hakugonga. Niliposimulia baadaye watu walikataa kuamini, lakini nilikuwa hatua kumi na tano kutoka pale na masikio yangu ni mazima.

Mama alirudi saa saba na ushei, akaenda kuchukua sufuria kubwa tuliyokuwa bado tunaiweka mle. Akavuta komeo. Shangazi alikuwa amekaa kitandani, ameukabili mlango, amevaa viatu, sanduku la vyombo vya kazi mapajani.

"Jamani! Wifi! Mbona hukuita?"

"Niliita zamani. Sauti yote niliimalizia kule."

"Nisamehe, wifi. Ni mkono tu. Mkono umezoea."

"Najua. Na yule wangu alikuwa amezoea."

Hakusema kwa hasira. Alisimama, akaliokota gurudumu lake pale mama alipolisogeza, akalitia kwenye mfuko. Mama alikuwa analia. Shangazi akampangusa kwa ncha ya khanga, akamwambia asilie, chakula kitaungua.

Baba alikuwa ameingia kula. Akaelewa mara moja, akasimama katikati ya ua.

"Dada, ukitoka hapa jalada linarudi polisi."

"Lirudi."

"Utasimama mbele ya hakimu. Atakuuliza pigo la pili."

"Ndilo ninalotaka kuulizwa. Kwenye baraza nililimeza kwa ajili yako."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia alikuwa ananifungia mlango."

"Hataelewa, dada. Mlango tu!"

"Inawezekana asielewe. Lakini atakuwa amesikia."

Baba alijaribu tena. "Basi ngoja nile, nikusindikize. Komeo nalihamisha leoleo, nakuapia."

"Lihamishe, kaka. Kuna siku atalala mwingine humo."

Akaniangalia mimi, akasema, "Mwanangu, karanga zako zimebaki kwenye droo ya pili ya Kibiriti. Nitazila." Ndiyo kuaga kwenyewe.

Geti letu ni la bati, lina lango dogo. Alifika, akaligonga kwa kiganja: pa. Akalifungua kidogo, kiasi cha kupitisha mkono, akalifunga. Halafu akalifungua lote, akatoka. Alishika mkono wa kulia, barabara inayokwenda ofisi ya baraza, sanduku mkono mmoja, mfuko begani, gurudumu likimgonga nyongani kila hatua.

Baba hakula. Bisibisi iliyopotea ilionekana juu ya kabati, na kabla ya saa kumi komeo lilikuwa upande wa ndani. Shangazi hakurudi kuliona.