Treni Iliyofika Babati Juu ya Pazia

Ukiingia katika nyumba za Nangara, Sigino au Mutuka na kuomba uoneshwe picha za zamani, usishangae kukuta maharusi wamesimama mbele ya kichwa cha treni ya dizeli. Bi harusi ametazama chini, bwana harusi amekaza shingo, nyuma yao kuna mtambo mkubwa, na ubavuni mwa mtambo amesimama mwanamume mwenye kofia ambaye hakualikwa kwenye harusi yoyote. Babati haina reli, na haijawahi kuwa nayo. Treni ile tuliileta sisi wawili, mimi na rafiki yangu Saumu, wasichana wa darasa la sita. Nasema hivi kwa majivuno ambayo umri haujayapunguza.

Ilikuwa miaka ile ya themanini, duka lilipoweza kufunguliwa asubuhi likiwa na mwenye duka na rafu tu. Sabuni ilitafutwa, sukari ilisikika kwa jirani, na filamu za kamera zilifika Babati kwa bahati, mkononi mwa dereva wa lori aliyetoka Arusha. Baba Saumu alikuwa na studio ya picha karibu na stendi, na nguo zake zilinukia dawa za kusafishia picha hata Ijumaa alipokwenda msikitini. Pazia lake, lile wanalosimama mbele yake wateja, lilichorwa hoteli yenye bustani. Maua yalikuwa yamepauka na panya walishakula mlango wa hoteli. Wateja walianza kunung'unika, na wenye nauli walivumilia vumbi hadi Kondoa, ambako studio moja ilikuwa na pazia lililochorwa ndege ya abiria. Baba Saumu akaamua lake liwe la treni. Kitambaa alikipata kwa kuunganisha shuka kuukuu, na mchoraji alikuwapo, Bwana Hando, aliyeandika vibao vya maduka yote ya mjini. Lakini Bwana Hando hakuwahi kuona treni. "Nikichora ya kusimuliwa," alisema, "nitakuchorea lori refu."

Ndipo shule yetu ilipotangaza safari ya masomo: lori hadi Arusha, kisha treni hadi Moshi na kurudi. Baba Saumu alimvika binti yake kamera shingoni, ikiwa na filamu ya mwisho studioni, nayo ilikuwa imebakiza picha chache tu. Bila pazia jipya, studio ingefungwa kabla ya mavuno, na nyumba nzima ingeitegemea cherehani ya mama yake. Saumu alilijua hilo, na mimi nililijua kwa sababu yeye alilijua. Masharti ya Baba Saumu yalikuwa yale yale ya studio. "Msinipigie vyuma vitupu. Picha isiyo na mtu ni hasara. Na miguu ionekane, watu wasije wakasema nimewakata."

Harufu ya stesheni ya Arusha ninayo hadi leo: dizeli, chuma cha moto, na ndizi mbivu zilizokuwa zikipakiwa kwenye behewa. Kichwa cha treni kilikuwa kimesimama kikinguruma, na mngurumo wake niliusikia kifuani kabla ya masikioni. Wavulana wa darasa letu, ambao njia nzima walituambia kwamba treni ni lori lenye majivuno, walirudi hatua nyuma. Saumu alikuwa ndiyo kwanza anainua kamera pale askari wa stesheni alipotujia mbio, kofia mkononi.

"Nyie! Nani kawaruhusu kupiga picha mali ya serikali?"

"Shikamoo, afande," alisema Saumu. "Hatupigi treni. Tunampiga dereva. Treni iko nyuma yake tu."

Dereva alisikia kutoka dirishani akacheka hadi akakohoa. "Afande, mimi siyo siri ya serikali. Waache watoto wanipige!" Akateremka. Tulimpiga yeye kwanza, naye hakuacha kucheka. Askari alitazama, akavaa kofia, akafunga vifungo. "Basi na mimi nisimame kidogo," alisema, akakauka kama yuko gwaride. Saumu alinipa kamera akapanga mkao, maana kwao ndiyo ilikuwa kazi. Nilirudi nyuma, nikarudi tena, nikitafuta buti za yule askari ziingie kwenye picha. Kwa kuzitafuta buti, treni nzima iliingia. Tungefuata tamaa yetu ya kusogea karibu, tungerudi Babati na picha ya gurudumu.

Picha zilizobaki tulizipiga njiani na pale Moshi, behewa likitutikisa. Tuliporudi, Baba Saumu alituingiza katika chumba cha giza, chini ya taa nyekundu. Karatasi ya kwanza ilitoa ukungu. Ya dereva ilitoa kicheko kisicho na uso. Saumu alinibana mkono hadi ukaniuma. Kisha zikaja buti, polepole, zikafuata suruali na kofia, na nyuma yake mtambo mzima, mweusi na mkali. Baba Saumu alivua kibaraghashia, akajifuta jasho, akakivaa tena.

Alimwomba Bwana Hando amwondoe askari kwenye mchoro. Mchoraji akakataa. "Nikimtoa, sijui nyuma yake kuna nini." Hivyo askari akabaki, na pazia lilipotundikwa, watu walipanga foleni hadi barabarani. Kuna waliokuja kutoka Kondoa. Studio haikufungwa.

Siku hizi mjukuu wangu hupiga picha sahani ya wali kabla hajala, akaifuta kabla sahani haijaoshwa. Nimepanda treni ya umeme kutoka Dodoma, tulivu kama kitanda, na sikumwona mtu aliyesimama mbele yake kwa heshima ile. Pazia lenyewe lilichakaa likatupwa, lakini picha ile ya askari anayo Saumu ukutani kwake, na kila nikimtembelea tunaivua kwenye fremu tukaibishania. Namba ya kichwa kile imeandikwa ubavuni, na tarakimu ya mwisho imefunikwa na bega la askari, isipokuwa kipande kidogo cha juu. Bwana Hando naye alichora kipande hicho hicho, hakuongeza kitu. Saumu anasema ni saba. Mimi nasema ni tano.