Karatasi za Ndani ya Makochi

Mwanamke aliyetengeneza makochi nyuma ya gereji hakuichagua kazi ile, aliirithi. Mumewe ndiye aliyekuwa fundi. Yeye alikaa kwenye cherehani akishona foronya. Mume alipofariki aliacha makochi mawili yamevuliwa kitambaa, na wenyewe wanayasubiri. Mjane alimaliza siku za msiba, akajifunga kilemba, akashika nyundo. Mafundi wa gereji walimtazama kwa mbali. Haukupita mwaka wakawa wanamwita Fundi, kama walivyomwita marehemu.

Katika kochi la kwanza alilolichana peke yake, chini ya springi, alikuta karatasi iliyokunjwa: sabuni, chumvi, viberiti, majani ya chai. Chini kabisa, kwa mwandiko uleule lakini kalamu imekandamizwa hadi karibu kutoboa: VIBERITI. Safari hii usisahau. Alicheka. Hakuwa amecheka tangu mazishi, na sauti yake mwenyewe ilimshtua. Alitaka kuitupa pamoja na sponji lililooza, mkono ukagoma. Akaitia mfukoni.

Tangu hapo ikawa ndiyo tabia yake. Kochi la mtu ni tumbo, humeza kila kinachodondoka. Vifungo, vijiko na sarafu aliwarudishia wenyewe. Karatasi wengi hawakuzitaka. "Risiti ya redio?" mmoja alimwambia. "Redio yenyewe ilishakufa, Fundi. Izike na hiyo." Hakuizika. Aliweka risiti, tiketi za basi, kadi ya kliniki ya mtoto ambaye sasa alikuwa dereva wa lori, na barua ya mwanafunzi akimweleza baba yake kwamba ameshika nafasi ya arobaini na moja, "lakini darasa letu ni kubwa." Alizinyoosha kwa pasi ya vuguvugu, akazipanga kwenye mafaili, na nyuma ya kila moja akaandika kwa penseli rangi ya kochi na mwaka.

Binti yake, ambaye ni muuguzi, hakupendezwa. "Mama, hizi ni takataka za watu."

"Takataka ni zile walizotupa. Hizi zimepotea tu."

"Tofauti iko wapi?"

"Aliyetupa anajua."

Baadaye akafunga kamba ukutani mwa karakana, akatundika baadhi kwa vibanio vya nguo, ili wateja wapate la kusoma wakisubiri. Watu wakaanza kuja hata wasio na kochi bovu. Mafundi wa gereji walikuja na chai zao mikononi, wakasoma, wakabishana nani alimwandikia nani, wakarudi kwenye injini wakiwa wamechangamka.

Ndipo alipokuja mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mrefu, shati limefungwa vifungo hadi kooni, na kochi lake la watu watatu juu ya mkokoteni. Kabla ya salamu alisimama mbele ya kibao cha mlangoni kilichosema TUNATENGEZA MAKOCHI.

"Umeruka silabi, Fundi."

"Mchoraji aliishiwa na nafasi, Mwalimu."

Ndani ya kochi lile ilitoka karatasi ya daftari: Dada ameanza uchungu, nimekwenda kwake. Chakula kiko kwenye sufuria. Funga mlango wa nyuma. Nitarudi Jumapili. Haikuwa na jina. Fundi aliipenda kwa ukawaida wake, akaitundika katikati ya kamba.

Siku ya tisa Mwalimu alikuja kuchagua kitambaa. Macho yake yakapita kwenye kamba, yakarudi. Akaisoma ile karatasi, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

"Hii umeitoa wapi?"

"Ndani ya kochi lako. Upande wa kushoto, chini ya springi."

"Wa kushoto," alirudia Mwalimu, akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa.

Alieleza polepole, kama anayesoma ripoti. Miaka kumi na tisa iliyopita alirudi kutoka shuleni siku ya Alhamisi, nyumba tupu. Alizunguka kwa majirani, akaenda hospitali, na Jumamosi akaishia kumfokea mama mkwe, ambaye naye hakuwa na habari, mlangoni pake. Jumapili mke akarudi. Alisema aliacha karatasi kwenye mkono wa kushoto wa kochi. Mume akamjibu kwamba njia ya mwongo ni fupi. Tangu siku hiyo kila ugomvi wao, hata wa chumvi kuzidi, uliishia palepale.

"Yeye akisema karatasi, mimi nasema karatasi gani," alisema. "Naomba niichukue."

Fundi akaitungua, akampa. Mwalimu aliitia mfuko wa shati na kuondoka. Kitambaa hakuchagua.

Siku mbili baadaye aliingia mwanamke mfupi, mkoba kwapani. "Wewe ndiye Fundi?"

"Ndimi, mama. Karibu."

"Mume wangu ameniomba radhi. Amesimama wima kama yuko gwarideni. Miaka kumi na tisa nimekuwa mwongo ndani ya nyumba yangu."

"Basi namshukuru Mungu."

"Usishukuru bado. Ilining'inia hapa siku ngapi?"

"Tisa."

"Na nani aliisoma?"

Fundi alitazama upande wa gereji. Mafundi watatu walikuwa wameinamia boneti ya gari ambayo haikuhitaji hata mmoja. "Kila aliyepita," alisema. "Haikuwa na jina, mama."

"Kochi lilikuwa na mwenyewe."

Fundi aliweka nyundo chini. Akasema, "Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini barua ya mtu si nguo ya kuanikwa."

Jioni ile aliiondoa kamba. Kisha, kila Jumamosi kwa miezi mitatu, alipita nyumba kwa nyumba na kila karatasi ambayo yeye Fundi alimkumbuka mwenye kochi lake. Wengi walicheka wakamwambia abaki nayo. Dereva wa lori aliitaka kadi yake, akamwita mwanawe aje aone baba alivyokuwa na kilo tatu. Mwanamke mmoja aliipokea barua yake, akaichana vipande vinne bila kuifungua, akafunga mlango. Fundi akabaki kwenye ngazi, hajui kama ameleta msaada au msiba. Yule wa nafasi ya arobaini na moja alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na baba yake alishazikwa. Aliisoma barua yake amesimama. "Niwekee kwanza," alisema. Huja kuisoma mara mojamoja, huaga na kwenda zake.

Sasa kila karatasi inayotoka ndani ya kochi hutiwa kwenye bahasha na kurudi nyumbani pamoja na kochi. Karibu nusu ya wenyewe huirudisha bahasha imefunguliwa. "Weka, Fundi, waone wengine." Wapo wanaoleta na za kabatini. Binti yake, aliyeziita takataka, ndiye anayeandika maelezo siku hizi, kwa mwandiko wa kwenye mafaili ya wagonjwa. Mafaili yamefika kumi na moja. Anayetaka kuona huomba, na majina huzibwa. Mwalimu na mkewe, kwa habari zinazofika gereji, bado wanagombana, ila kwa mambo mengine.

Mwaka huu aliamua kulichana kochi la nyumbani kwake, ambalo marehemu alilitengeneza kabla hawajazaa. Alilifungua Jumapili, taratibu, upande mmoja baada ya mwingine, akapapasa hadi kwenye pembe za mbao. Alipata kitana na maganda ya karanga. Marehemu hakuwa mtu wa kuandika. Akabadilisha sponji, akagongomea kitambaa kipya, na Jumatatu akaendelea na kochi la mteja.