Kuhani Aliyekataa Kufa

"Fadha, kwa nini ulikataa kufa?"

Damaris alimuuliza Fadha Nicanor swali hilo nyuma ya kanisa, machozi na kamasi vikishindana. Mzee akatazama juu kana kwamba jibu limekaa kwenye mabati.

"Niletee chai kwanza, nyakwara." Kila mtoto wa parokia alikuwa mjukuu wake. Chai ikaja, ikanywewa. Jibu halikuja.

Damaris alikuwa Gredi ya Sita, na mchezo wa kuigiza ulioharibika siku hiyo ulikuwa wake. Vijana wa parokia, huku upande wa Ndhiwa, walitaka rimu ishushwe. Rimu yenyewe ilikuwa ya gurudumu la trekta la miwa kutoka Awendo, imening'inizwa kwa mnyororo mahali pa kengele, na Fadha aliitwanga kwa bolti kila saa kumi na moja alfajiri mpaka mbwa wa kijiji kizima wakaimba litania. Vijana walitaka spika. Sikukuu ya parokia, baada ya mchezo, waumini wangeinua mikono: rimu au spika.

Basi Damaris akaandika kurasa tisa za kuwapigia vijana debe. Kuna ufalme ambao jua halichomozi mpaka kuhani mzee agonge chuma. Wanamapinduzi wanamuua kuhani, jua linachomoza lenyewe, watu wanacheza. Kuhani alitakiwa awe mtu mwenye mvi na kanzu yake mwenyewe. Parokia nzima alikuwa mmoja, Fadha mwenyewe, na alikubali haraka mno. Jukwaa likawekwa chini ya rimu yenyewe ili wasihangaike kutafuta nyingine. Hapo ndipo walipojichimbia kaburi.

Mambo yalienda sawa mpaka Elvis, mwendesha boda na jemadari wa mapinduzi, alipoinua mkuki wake wa muwa.

"Kuhani, kufa!"

"Nikishakufa, watu mtawaamsha na nini?"

Hilo halikuwa kwenye daftari. Elvis akatupa jicho kwenye leso iliyofanywa pazia, alikojificha Damaris, kisha akajitetea mwenyewe. "Tutaweka spika!"

"Na stima ikipotea?"

Watu wakaangua kicheko. Stima ilikuwa imepotea tangu Alhamisi.

"Fadha, kwa huo ufalme hakuna stima!" Damaris akanong'ona kwa hasira. "Wewe lala tu!"

"Silali. Jemadari huyu nilimbatiza, akanikojolea kanzu. Jua litachomoza bila mimi, sawa. Yeye je, ataamka?"

"Mwambie, Fadha!" akapaza sauti Mama Filister wa kwaya, na vigelegele juu.

"Mzee, kufa bana," Elvis akambembeleza. "Watu wana njaa."

Kuhani wa ufalme wa kale akatazama saa yake ya mkono. Sita kamili. Akagonga rimu.

Sasa, katika parokia ile, rimu ikilia saa sita mtu husimama papo hapo kusali Malaika wa Bwana, hata kama jembe liko hewani. Waumini wakasimama. Wanamapinduzi kumi na wanne wakaangusha miwa, wakapiga ishara ya msalaba. Elvis, mtumishi wa altare kwa miaka sita, ndiye aliyeitikia kwa sauti kuliko wote. Mapinduzi yakafia kwenye "Amina". Kura ilipopigwa, spika ilipata mikono minne, mmoja ukiwa wa mtoto aliyeomba kwenda choo.

Mwaka huu Damaris yuko Gredi ya Kumi. Magoti ya Fadha yamegoma, na anayegonga rimu alfajiri ni Elvis, tena kwa fujo. Juzi Damaris alimpelekea mzee mchezo wake mpya, wa mashindano ya shule. Fadha akausoma midomo ikicheza, mpaka mahali ambapo mfalme mbaya anakufa. Anakufa kwa ukurasa mzima, akiongea. Mzee akavua miwani.

"Umekua, nyakwara. Uliniuliza siku ile kwa nini nilikataa kufa. Elvis ulimwandikia kurasa nne za hotuba. Mimi uliniandikia 'Aaah!' Miaka hamsini ya upadre, halafu nife na 'Aaah' moja?"